Azma ya mwezi mmoja: Kazi ya mikono na hesabu ya fedha katika kalenda ya Wete

Azma ya mwezi mmoja ni ahadi ambayo mtu hujiwekea ya kutenda jambo moja dogo kila siku, tangu mwezi unapoandama mpaka uandame mwingine. Ahadi hiyo ina nguzo nne: tendo lenyewe, kipimo chake, siku ya mwisho na shahidi. “Nitaweka akiba” haijafika kuwa azma, kwa sababu haina kipimo wala mwisho. “Nitatia shilingi 500 kibubuni kila siku baada ya magharibi mpaka mwezi uandame, na dada ndiye atakayekihifadhi kibubu” ni azma iliyokamilika. Vivyo hivyo kwa kipimo cha kazi ya mikono: “nitasuka pima moja ya ukili kila siku baada ya kuosha vyombo vya mchana” ni ahadi ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua kwa kunyoosha mikono yake miwili.

Mtindo huu umeenea duniani kwa sura nyingi. Nchini Japani, mwaka 1904, mwandishi wa habari Hani Motoko alichapisha daftari la matumizi ya nyumbani linaloitwa kakeibo. Kila mwezi mwenye daftari huandika kipato chake, akiba anayoikusudia na kila alichonunua, kisha mwezi ukiisha hujihesabu. Nchini Marekani, mwaka 1999, kijana Chris Baty na wenzake 20 walijipa mwezi mmoja wa kuandika riwaya yenye maneno 50,000, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watu wa nchi nyingi wakawa wanafanya hivyo kila Novemba. Mwaka 2009 mchoraji Jake Parker alianza kuchora picha moja ya wino kila siku ya Oktoba, na wachoraji wengi wakamfuata.

Pwani ya Waswahili ina msingi wake wa zamani zaidi katika jambo hili. Miezi ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia pale Ramadhani inapomalizika: mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu, hadi mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Ramadhani ni ibada, wala hailinganishwi na majaribio ya watu kujipima. Hata hivyo, inathibitisha kila mwaka kwamba mji mzima unaweza kubadili saa za kula, za kulala na za kufanya kazi kwa siku 29 au 30 bila ya kuvunjika. Wanaofunga siku sita katika mfunguo mosi wanajua pia kwamba mazoea ya mwezi mmoja yanaweza kuvuka mpaka wa mwezi wa pili. Mkaazi wa Wete, kisiwani Pemba, anayejiwekea azma ya mwezi anatumia kipimo ambacho mwili wake tayari unakijua.

Mwezi mmoja unatosha kwa lipi?

Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa jijini London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga zoea moja jipya kwa muda wa wiki 12. Matokeo yao, yaliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, yalionesha kwamba kwa wastani zoea hukaa baada ya siku 66. Wapo walioonekana kuhitaji siku 18 tu, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Jambo la pili walilolibaini lina faida kubwa zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwishafanywa.

Kutokana na hayo, siku 30 kwa kawaida hazitoshi kulifanya tendo lijiendeshe lenyewe. Zinatosha kwa mambo mengine matatu. Zinatosha kumwonesha mtu kama jambo lile linamfaa, kumpa kitu kimoja kilichokamilika mkononi, na kumpa takwimu za maisha yake mwenyewe ambazo hapo kabla alikuwa akizikisia. Mwanzo wa mwezi nao una nguvu yake. Watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionesha mwaka 2014 kwamba watu huelekea zaidi kuanza jambo jema katika tarehe zinazofungua kipindi kipya, kama vile mwanzo wa wiki, wa mwezi au wa mwaka. Mwenye kalenda mbili, ya Kiislamu na ya kizungu, ana milango mingi ya kuanzia.

Miezi ya Wete hailingani

Mtu wa mshahara hupokea kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi, na madaftari mengi ya matumizi yameandikwa kwa ajili yake. Wilaya ya Wete ina watu wa aina hiyo: walimu, wauguzi, watumishi wa serikali na wa bandari. Lakini wakaazi wake wengi hupata fedha kwa mawimbi, na azma isiyojua mawimbi hayo huvunjika mapema.

Wimbi kubwa kuliko yote ni karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa nzima kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Msimu kwa kawaida huanza katikati ya mwaka na unaweza kufika Januari. Wachumaji hupanda mikarafuu, nyumbani kinamama na watoto huchambua makonyo, karafuu huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa, kisha hupelekwa kuuzwa kwenye vituo vya Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Katika miezi hiyo fedha huingia nyumba nyingi kwa pamoja. Mkarafuu nao hauzai sawasawa. Mwaka wa neema hufuatwa mara nyingi na mwaka mmoja au zaidi wa mavuno hafifu.

Wimbi la pili linafuata bahari. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa kuwa mwanga wa mwezi huzishinda taa zao. Wavuvi wa Kojani huenda dago, wakakaa mbali na nyumbani kwa wiki nyingi kabla ya kurudi na mapato. Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, hufika mashambani mwao wakati wa bamvu, maji yanapokupwa mbali. Mwani waliopanda huhitaji takriban wiki sita kukomaa, kisha siku za kukauka, ndipo mnunuzi alipe.

Matumizi nayo yana kalenda yake. Shaabani ina vunja jungu na manunuzi ya futari, mfunguo mosi una nguo za Sikukuu, mfunguo tatu una Idd el-Haj, na mfunguo sita una maulidi. Harusi hupangwa kuzikwepa Ramadhani na kuufuata msimu. Januari inadai sare na madaftari ya skuli. Mwaka wa mwezi hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11, kwa hiyo sikukuu zinahama na karafuu hazihami. Kwa hesabu za falaki, mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Wakati huo gharama za Idd zitakuwa zimesogea karibu kabisa na mwisho wa msimu wa karafuu. Mwenye kupanga mapema atakuta msimu unamlipia Sikukuu, na asiyepanga atakuta Sikukuu imeumeza msimu.

Azma za fedha

Azma ya kwanza inayofaa karibu kila nyumba ni mwezi wa daftari. Kwa siku 30 kila shilingi inayotoka huandikwa siku hiyohiyo, bila ya kujizuia kununua chochote. Safu tatu zinatosha: tarehe, kitu na bei. Mwisho wa mwezi matumizi hukusanywa katika mafungu manne, yaani chakula, nauli na simu, watu wengine, na mengineyo. Fungu la watu wengine lisionewe haya. Rambirambi, michango ya harusi, dawa ya jirani na nauli ya mgeni ni sehemu halali ya maisha ya Wete, na daftari lisilolihesabu hutoa hesabu ya uongo.

Azma ya pili ni mwezi bila ya mkopo mpya dukani. Duka la mtaani huuza kwa kuandika, na deni hukua kwa vipande vidogo vya sukari, unga na vocha. Katika mwezi huu deni la zamani hulipwa kwa kiasi kilichokubaliwa na mwenye duka, na hakiongezwi kitu juu yake. Mwezi unaofaa ni ule unaofuata mauzo ya karafuu au mwani. Kuijaribu azma hii katikati ya kiangazi cha kipato ni kuipa familia njaa kwa ajili ya heshima ya daftari.

Azma ya tatu ni kibubu. Shilingi 500 kwa siku hufika 15,000 kwa mwezi wa siku 30. Kwa mtu wa kipato cha mawimbi, kiasi cha kila siku kinaweza kubadilishwa kuwa fungu: sehemu moja ya kumi ya kila kinachoingia, siku kinapoingia. Siku isiyo na kipato haina deni la kibubu, na azma inabaki hai.

Azma ya nne inafanywa na watu wengi pamoja. Upatu ndiyo njia ya zamani: watu 12 wakitoa shilingi 20,000 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake hupokea 240,000. Nguvu yake ni uaminifu na haya. Udhaifu wake ni kwamba anayepatwa na dharura kabla ya zamu yake hana pa kukimbilia. Vikundi vya hisa vilikuja kuliziba pengo hilo. Shirika la CARE lilianzisha mbinu hiyo nchini Niger mwaka 1991, na Zanzibar iliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, Unguja. Wanachama, kwa kawaida kati ya 15 na 30, hukutana kila wiki, na kila mmoja hununua hisa moja hadi tano. Hisa hupigwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Fedha hulala katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Mfuko wa jamii hutengwa kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Baada ya miezi 9 hadi 12 hesabu hufungwa na kila mtu huchukua chake. Hisa ikiwa shilingi 1,000, anayenunua mbili kila wiki hufikisha 104,000 kwa wiki 52, kabla ya faida yoyote.

Kwa kuwa kikundi hukopesha wanachama wake, riba ni swali zito katika mji wa Waislamu, na halifai kuachwa mlangoni. Kikundi kinaweza kukopesha bila ya nyongeza na kuchangia gharama za daftari kwa usawa. Kinaweza pia kununua bidhaa na kumuuzia mwanachama kwa faida iliyotajwa wazi tangu mwanzo, au kuingia katika biashara ya pamoja na kugawana faida na hasara. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, iliyoanzishwa mwaka 1966, nayo ina huduma zinazofuata sharia. Kabla ya kuanza, kikundi kiafikiane na kimuulize mwenye elimu, ili hitilafu hiyo isije ikakivunja katikati ya mwaka.

Azma za ubunifu

Ubunifu unaohesabika kwa siku ndio unaofaa azma ya mwezi. Ususi wa ukindu umejengwa hivyo tangu asili: ukindu huchanwa, hutiwa rangi, husukwa kuwa kili ndefu, na kili hushonwa pamoja kuwa mkeka, msala au mkoba. Pima moja kwa siku hutoa pima 29 au 30 mwezi unapoandama. Anayejua tayari anaweza kujipa sharti la ubunifu, kwa mfano rangi mbili tu kwa mwezi mzima, au nakshi mpya kila wiki. Sharti kama hilo huulazimisha mkono kutafuta njia ambayo haujaizoea.

Kofia ya kushona kwa mkono inahitaji mpango mwingine. Sindano hupita tundu kwa tundu mpaka nakshi ikamilike, na kofia moja nzuri inaweza kula wiki nyingi. Hapa kipimo kinachofaa ni muda: saa moja kila siku baada ya alasiri, popote kazi itakapofika. Sabuni ya mwani ina mwendo wake pia. Mwani mkavu husagwa kuwa unga, huchanganywa na mafuta ya nazi na kostiki soda, hutiwa mafuta ya karafuu kwa harufu, kisha sabuni hukatwa vipande na kuachwa iive kwa wiki nne hadi sita. Azma yake ni chungu kimoja kila wiki, kila kimoja na vipimo vyake vilivyoandikwa, ili mwezi wa pili mtengenezaji ajue kipi kilitoa sabuni bora. Kostiki soda huunguza ngozi na macho. Glavu, chombo kisicho cha alumini na watoto kukaa mbali ni masharti ya lazima.

Ushairi ndio ubunifu unaogharimu kidogo kuliko wote, na Pemba ina haki ya kujivunia. Kamange na Sarahani, washairi wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, waliishi kisiwani hapa, na tungo zao zimekusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba. Katika zama zetu Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa Pemba, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili kwa diwani yake N'na Kwetu. Ubeti mmoja wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, unaweza kutungwa kwa siku moja na mtu anayefanya kazi nyingine. Mwezi ukiisha mtunzi ana beti 29 au 30. Nusu zikitupwa, zinazobaki ni shairi refu la kutosha kusomwa harusini, skuli au redioni. Wawili wakiamua kujibizana, ubeti kwa ubeti, kila mmoja anakuwa shahidi wa mwenzake.

Mkono na daftari

Azma ya fedha na azma ya ubunifu hutibiana. Mfano wa kale uko karibu: kusini kidogo ya mji wa Wete, ng'ambo ya maji, liko eneo la kale la Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hapo hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na chache za dhahabu, zilizofukiwa takriban karne ya 11. Sarafu zile za fedha zilitengenezwa na watawala wa pwani hii wenyewe, na maandishi yake ya Kiarabu yalipangwa kwa vina, upande mmoja ukiuitikia mwingine. Watu wa pwani hii walitia utunzi hata ndani ya fedha yao. Hazina hiyo inafunza pia kwamba akiba iliyofukiwa bila ya mtu mwingine kujua inaweza isimfae mwenyewe wala warithi wake. Kikundi cha hisa, chenye vitabu, funguo tatu na mashahidi, kinaondoa hatari hiyo.

Kwa msusi wa leo, daftari ndilo linalomwambia thamani ya mkono wake. Tuchukue mfano wa mkeka uliouzwa shilingi 40,000. Ukindu ukiwa umegharimu 6,000, rangi 2,000 na nauli 2,000, kinachobaki ni 30,000. Kama kazi ilichukua saa 60, msusi alilipwa shilingi 500 kwa saa. Asiyeandika huiona 40,000 nzima kuwa faida na huendelea kuuza kwa bei ileile miaka nenda miaka rudi. Aliyeandika ana njia tatu mbele yake: kupandisha bei, kusuka kitu kidogo chenye faida kubwa zaidi kwa saa, au kununua ukindu pamoja na wenzake ili gharama ishuke.

Yanayoiangusha azma

La kwanza ni wingi. Anayeanza kuandika matumizi, kuacha mkopo, kusuka na kutunga katika mwezi mmoja huacha vyote katika wiki ya pili. Azma moja ya fedha na moja ya mkono ndio mwisho. La pili ni mwezi usiofaa: mwezi wa daftari haufai kuanza katikati ya harusi ya nyumbani, wala azma ya ususi katika kilele cha kuchambua karafuu. La tatu ni mzigo wa kazi za nyumbani. Mwanamke anayelima mwani, kupika na kulea hawezi kupata saa mpya kwa sababu tu ameweka azma. Saa hiyo itolewe na wenziwe ndani ya nyumba, na makubaliano hayo yafanywe kabla ya mwezi kuandama. La nne ni kukata tamaa baada ya kukosa siku moja. Kanuni inayotosha ni kutokosa siku mbili mfululizo.

Mwisho wa mwezi unahitaji kikao kifupi na shahidi. Maswali ni manne: nini kimekamilika, kimegharimu nini, kiendelee mwezi ujao au kiishe, na nani mwingine angefaa kuingia. Lililofaa huendelezwa kwa miezi miwili zaidi, kwa kuwa zoea kwa wastani hukaa baada ya siku 66. Lisilofaa huachwa bila ya lawama, na nafasi yake ikapewa jambo jingine.

Kwa Wete, mpangilio wa busara ni kuweka malipo ya madeni na ununuzi wa hisa katika miezi ya karafuu, daftari la matumizi katika miezi ya ukame, na kazi za mikono katika siku ambazo bahari na mashamba yamepumzika. Skuli, madrasa na vikundi vya kinamama vinaweza kulianza jambo hili pamoja, kwa gharama ya daftari moja kwa kila mtu. Msomaji anayetaka kuanza asingoje Januari. Mwezi ujao ukiandama, achague tendo moja, aandike kipimo chake, na amtaje shahidi wake kwa jina.